Baba Alikuwa Wapi Miaka Yote Mitatu?

Swali la msomaji wa Tandahimba:

"Shikamoo daktari. Baba yetu alifariki Julai mwaka huu. Miaka mitatu ya mwisho alikuwa hatutambui. Mimi alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na alimtukana mama matusi ambayo hatukuwahi kuyasikia kinywani mwake. Siku moja kabla ya kufariki aliamka alfajiri, akakaa mwenyewe kitandani, akatuita wote kwa majina, akaomba apikiwe ming'oko, akauliza kama tumeshaipulizia mikorosho ya bondeni dawa ya salfa. Tulifurahi tukadhani amepona. Kesho yake adhuhuri akakata roho. Ustadhi wetu anasema ile ilikuwa roho inaaga. Mtoto wa dada yangu anayesoma chuo anasema hakuna roho, ni kemikali za ubongo, taa ikizimika mwanga hauendi popote. Mimi nauliza: kama akili ilikuwa imekufa, baba alikuwa wapi miaka mitatu? Na sasa yuko wapi? Nauliza kwa sababu mwaka jana mimi na kaka zangu tuligawana mashamba tukiwa tumekaa pembeni ya kitanda chake, tukijua hasikii. Mama naye ameanza kusahau."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana, Mungu amrehemu mzee.

Habari ya mashamba umeiweka mwishoni, haraka haraka, lakini nadhani ndiyo iliyokuamsha usiku ukashika kalamu. Nitaifikia. Nipe nafasi kwanza nianze na kazi yangu, maana swali la "alikuwa wapi" nimeishi nalo muda mrefu.

Mimi ni daktari wa usingizi. Miaka ishirini na saba hapa Mtwara nimekuwa nikiwaondoa watu fahamu ili wapasuliwe, kisha nawarudisha. Dawa mojawapo tunayotumia ni nyeupe kama tui la nazi. Inaingia kwenye mshipa wa mkono, na kabla dakika haijaisha, mtu aliyekuwa ananisimulia bei ya korosho mnadani anakatika katikati ya neno. Kope zinalegea. Ukizigusa kwa ncha ya kidole hazichezi. Moyo unapiga, joto la mwili liko vilevile, kifua kinapanda na kushuka kwa hewa ninayompa kwa mkono wangu. Ukimwita haitiki, akikatwa kisu hajui. Baada ya saa mbili nafunga dawa, anafumbua macho, na wengi huniuliza, "Mnaanza saa ngapi?"

Saa mbili hizo alikuwa wapi? Sijawahi kumsikia mtu katika chumba cha upasuaji, awe mcha Mungu au asiyeamini lolote, akisema kwamba roho ya mgonjwa imetoka. Hatumfuniki uso, wala hakuna anayemwita marehemu. Tunamfunga mikono taratibu asije akaanguka, tunamwekea kitambaa machoni yasikauke, na mimi nikimgeuza kichwa namwambia "samahani baba," ingawa najua hanisikii. Wote mle ndani tunajua yupo. Kilichozimwa ni fahamu.

Kiswahili chetu kilishayatenganisha haya kabla sijazaliwa. Mtu hupoteza fahamu, halafu fahamu humrudia. Hurukwa na akili, akatibiwa, akatulia. Lakini roho hukatika, na ikikatika hatuna msemo wa kuirudisha. Hata neno lenyewe ni la ajabu: mtu akikabwa koo tunasema amekabwa roho, kana kwamba roho ni ile njia ya pumzi. Kwa Kiarabu tulikolitoa, roho na upepo ni shina moja, na nafsi na pumzi ni shina moja. Wayao wana neno lao, lisoka, sehemu ya mtu inayobaki baada ya mwili, na wazee walipomwaga unga chini ya mti kuwaomba waliotangulia, walikuwa wanazungumza na hiyo. Sikumbuki kusikia mzee yeyote wa Kiyao wala wa Kimakonde akisema kwamba aliyezeeka akasahau watoto wake ameshakuwa mzimu. Alikuwa babu bado, na chakula alipelekewa wa kwanza.

Na kwa kuwa ustadhi yumo katika swali lako, chukua na hili. Hadithi ya Mtume unaijua: kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abalehe, na aliyeondokewa na akili mpaka akili zimrudie. Angalia alivyowekwa aliyepoteza akili: yuko safu moja na aliyelala na mtoto, watu wawili ambao hakuna anayetilia shaka kwamba wana roho. Akili imeondoka, deni limeinuliwa, mtu amebaki. Kwa hiyo matusi aliyomtukania mama yenu yasikuumize kwa upande wa Mungu. Kwa upande wa udaktari pia yana maelezo. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotuzuia tusitamke kila kinachotujia. Ugonjwa ukifika hapo breki zinakatika. Maneno yale kila mwanamume wa umri wake aliyekulia minadani na bandarini ameyasikia maelfu ya mara. Baba yako aliyasikia pia, na kwa miaka sitini akachagua kutoyasema.

Sasa kuhusu fahamu yenyewe. Mwaka 1949 watafiti wawili, Moruzzi na Magoun, walionyesha kwamba ndani ya shina la ubongo, pale shingo inapopanda kuingia fuvuni, kuna mtandao wa neva unaouamsha ubongo wote. Doa la kiharusi lisilozidi punje ya korosho likitua hapo vibaya, mtu mzima mwenye nguvu anazimika asirudi. Tofauti na hapo, ubongo wa nyuma, serebela, una seli kama bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima, na wapo watu waliozaliwa bila hiyo sehemu wanaoongea, wanaocheka na wanaojijua, ingawa wanatembea kwa taabu. Fahamu haikugawanywa sawasawa kichwani.

Ugonjwa wa baba yako, kwa ulivyoueleza, haukuanza kwenye swichi hiyo. Kwa kawaida huanza pale kumbukumbu mpya zinaposhonwa, ndiyo maana ya jana hupotea kwanza na ya utotoni hubaki. Alikuwa macho. Alijua njaa, baridi, mkono laini na mkono mkali. Na fikiria tena hilo jina alilokuita. Hakukuita kwa jina la mpita njia. Alikuita kwa jina la kaka yake wa tumbo moja. Sura yako ilipita machoni mwake, ikaenda ikatafuta mahali pa kukaa, ikapakosa pa mwanangu, ikakaa pa ndugu yangu. Jina alilikosa. Kwamba wewe ni damu yake, hilo alikuwa nalo.

Mwaka 1901, kule Frankfurt, daktari Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa wa kusahau umepewa jina lake, alimpokea mama mmoja, Auguste Deter. Akampa kalamu aandike jina lake. Mama akaanza, akakwama, akasema maneno ambayo daktari aliyaandika kwenye faili: nimejipoteza. Mimi kauli hiyo inanikaa rohoni kila nikiwa na wagonjwa wa aina hii. Anayesema nimejipoteza bado yupo wa kusema.

Nije kwenye siku ile ya ming'oko.

Hilo si geni hospitalini. Manesi wa zamani walikuwa wananionya nikiwa bado kijana: mgonjwa mahututi akiamka ghafla akaomba chakula, waite ndugu. Mwaka 2009 mtafiti Mjerumani, Michael Nahm, aliyakusanya masimulizi ya namna hiyo kutoka vitabu vya madaktari wa karne mbili zilizopita na kulipa jambo jina kwa lugha ya kitaalamu. Kwa lugha yetu tuseme mwangaza wa mwisho. Mwaka 2018 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia uzee iliita wataalamu walijadili, ikaanza kutoa fedha za utafiti. Hadi sasa hakuna maelezo yaliyothibitika. Zipo dhana: mmiminiko wa homoni za mwili unaokata tamaa, au sehemu za ubongo zilizokuwa zinazuiana kuachiana kwa muda. Wanaoamini roho huiona hapo roho ikijifungua kamba.

Lakini kuna jambo moja ambalo siku hiyo inaliweka wazi, na ningependa mpwa wako alifikirie kabla hajajibu upesi. Tulidhani ghala la kumbukumbu limeungua. Baba yako aliwaita kwa majina, wote, na akakumbuka mikorosho ya bondeni na akajua mwezi gani inahitaji salfa. Ghala lililoungua halitoi kitu. Kilichokuwa kimefungwa, angalau kwa sehemu, ni njia ya kulifikia. Hii haithibitishi roho, mpwa wako akisema hivyo atakuwa sahihi. Inathibitisha kwamba tuliposema "mzee hayupo tena," tulisema tusichokijua. Na ninaposema tulisema, najihesabu na mimi.

Miaka mingi nyuma, katika wodi moja niliyofanya kazi, aliletwa mvuvi mwenye malaria iliyopanda kichwani. Siku ya tatu hajafumbua macho. Nilisimama mguuni mwa kitanda, vidole vyangu vimeshika kile kibao cha karatasi, nikamwambia nesi kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hafiki asubuhi." Nikaenda kunywa chai. Alifika asubuhi, na nyingine baada ya hiyo, na wiki ya pili akaweza kukaa. Siku ya kuruhusiwa alinishika mkono akaniambia bila hasira, "Daktari, ulisema sifiki asubuhi." Alitaja na chai. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina. Tangu siku hiyo nikiwa karibu na kitanda siongei jambo ambalo nisingelisema mgonjwa akiwa ananitazama.

Baadaye sayansi ilikuja kunielewesha. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa kwenye ajali, miezi mitano hana jibu lolote. Wakamweka kwenye mashine inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi, wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Sehemu zilezile zinazowaka kwa mtu mwenye afya zikawaka kwake. Mwaka 2024 ulitoka utafiti mkubwa zaidi: wagonjwa 241 waliokuwa hawafuati amri yoyote kwa mwili, 60 kati yao, yaani mmoja katika kila wanne, walizifuata kwa ubongo. Na huko Vancouver, Kanada, mwaka 2020 walipima masikio ya watu walio saa za mwisho, wamezimika hawaitikii, wakakuta ubongo wa baadhi yao unaitikia mabadiliko ya sauti kama wa kijana mwenye afya. Waliotuagiza tumtamkishe shahada sikioni anayekata roho hawakuwa na mashine hiyo. Walijua sikio ni la kuheshimiwa hadi mwisho.

Sasa mashamba. Baba yako hakuwa amezimika kama mvuvi wangu, alikuwa macho. Siwezi kukuficha: sauti zenu alizisikia. Masikio hayakuwa yanaumwa. Kama alizifunga pamoja zikawa maana, kwamba hawa ni wanangu na wanagawana jasho langu mimi nikiwa hai, hilo lina uwezekano mdogo kwa ugonjwa uliofika pale ulipoueleza, na hata kama ilimpitia, uwezekano wa kukaa nayo hadi jioni ni mdogo zaidi. Ugonjwa unaomnyang'anya mtu furaha ya jana humnyang'anya na machungu yake. Lakini nenda kwenye siku yake ya mwisho. Alikuwa na akili timamu, mko wote mbele yake, na lugha imemrudia. Alikuwa na saa kadhaa za kuwagombeza. Aliuliza kama mmepulizia. "Mmepulizia" ni neno la mtu anayewaona ninyi ndio wenye kazi sasa. Mimi si mfasiri wa marehemu, lakini katika niliyoyasikia vitandani, swali la mikorosho kwa wanawe lina radhi ndani yake. Kama moyo bado unakuuma, kuna kaka zako. Kaeni mliseme wazi, kisha mtoleeni sadaka.

Yuko wapi sasa? Hapa nitakwenda polepole, maana hapa ndipo watu huuziwa vitu.

Utakuwa umeletewa kwenye simu ile habari kwamba roho ina uzito wa gramu 21. Chanzo chake ni daktari Duncan MacDougall wa Massachusetts, 1907. Aliweka wagonjwa sita wanaokufa juu ya mizani. Vipimo viwili alivitupa mwenyewe, vilivyobaki havikufanana, na namba 21 imetoka kwa mgonjwa mmoja tu. Usiisambaze. Roho ambayo Mola alisema ni katika mambo yake, na kwamba sisi tumepewa elimu kidogo, haitapatikana kwa mizani ya gramu.

Kuna ushahidi wenye heshima zaidi: watu ambao moyo ulisimama wakarudishwa. Uholanzi, Pim van Lommel aliwafuatilia wagonjwa 344 wa namna hiyo, na mwaka 2001 akaandika kwamba 62 walikuwa na la kusimulia: mwanga, amani, ndugu waliokufa, maisha yao yakipita mbele ya macho. Mwaka 2014 Sam Parnia na wenzake walitoa utafiti wa hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Walifanya jambo la busara: waliweka rafu karibu na dari zenye picha zinazoonekana kutoka juu tu, ili anayedai alitoka mwilini akatazama chini aulizwe aliona nini. Mioyo iliyosimama ilikuwa 2,060, waliopona wakahojiwa 140. Mtu mmoja alieleza kwa usahihi mambo yaliyofanyika chumbani wakati moyo wake umesimama. Lakini chumba chake hakikuwa na rafu. Zaidi ya robo tatu ya matukio yote yalitokea mahali pasipo na rafu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisikitika kama mtu aliyekesha bandarini na jahazi likapita mbali.

Upande wa pili nao una ya kwake. Hapa kusini kwa miaka mingi dawa yetu kubwa ya usingizi ni ketamini, kwa sababu kwa kawaida haimzimishi mgonjwa pumzi na unaweza kuitumia hata umeme ukikatika. Mama mmoja kutoka upande wa mto Ruvuma alizinduka nayo baada ya upasuaji wa uzazi, machozi yanamchuruzika hadi masikioni, akaniambia amepanda juu ya miembe, amemkuta bibi yake amekaa penye mwanga mweupe usioumiza macho, na bibi amemwambia rudi, mtoto analia. Moyo wake haukusimama hata sekunde moja. Nilikuwa nimeushika mshipa wake mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha masimulizi 625 ya walioponea kifo na maelfu ya masimulizi ya waliotumia dawa mbalimbali. Dawa iliyofanana zaidi ilikuwa ketamini. Na mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Michigan, Jimo Borjigin na wenzake waliripoti wagonjwa wanne walioondolewa mashine ya kupumua kwa ridhaa ya ndugu. Wawili, ubongo wao uliwaka kwa nguvu kabla ya kuzimika. Hawakurudi kusimulia walichoona.

Hata Livingstone, ambaye kila mtoto wa Mikindani anaonyeshwa nyumba yenye jina lake, aliyapitia. Mwaka 1844, miaka 22 kabla hajaanza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani, simba alimkamata begani kule kusini mwa Afrika akamtikisa. Aliandika kwamba alijua kila kinachotendeka lakini alikuwa kama ndotoni, hana maumivu wala hofu. Alikuwa daktari na mmisionari kwa pamoja, na aliona hiyo ni rehema ya Muumba kwa kiumbe anayekaribia kuuawa. Daktari mwingine angesema ni kemikali. Ni tukio lilelile.

Hapo ndipo ninapomwambia mpwa wako: ukinionyesha kemikali umenionyesha njia, hujanionyesha kwamba hakuna aliyepita. Mwaka 1897, chuoni Harvard, mwanafalsafa wa Kimarekani William James alisema ubongo unaweza kuwa unazalisha fahamu, au unaweza kuwa unaipitisha tu, kama kioo cha rangi kinavyopitisha jua. Ukikivunja kioo, rangi ile haipo tena ukutani, kwa hali zote mbili. Na mimi chumbani kwangu, kwa dawa zangu zote, siwezi kutofautisha. Dhana zote mbili zinatabiri kwamba tui likiingia mshipani, mtu atazima.

Na ustadhi naye asinisukumie Ibn Sina kirahisi. Ibn Sina, daktari kama mimi na mwanafalsafa wa Kiislamu wa zamani, alisema: mfikirie mtu aliyeumbwa mkamilifu akaning'inia hewani, haoni, hasikii, viungo havigusani. Bado atajua kwamba yupo. Basi nafsi si mwili. Mimi nusu ya hoja hiyo naiona kila wiki: nikimchoma mtu ganzi ya mgongo, miguu yake inakuwa kama ya mtu mwingine, anaiuliza iko wapi, na yeye yuko palepale ananipigia hadithi. Lakini nikibadili sindano, hata yule anayening'inia hewani huzima. Ibn Sina alitutoa miguuni. Fahamu yenyewe inapozimwa, hoja yake inanyamaza.

Christof Koch, mtafiti wa ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers mwaka 1998 kwamba katika miaka 25 ubongo unavyozaa fahamu itajulikana wazi. Juni 2023 alikubali mbele ya watu kwamba ameshindwa, akatoa kasha la mvinyo. Mpwa wako akisema "ni kemikali tu," hilo neno "tu" wakubwa wa fani hiyo hawajalifikia.

Mimi mwenyewe naamini nini? Umeniuliza kama daktari, lakini nitakujibu na hilo. Katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 42, tunaambiwa Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa, na za wasiokufa huzichukua usingizini. Iliyohukumiwa huizuia, nyingine huirudisha mpaka muda wake. Mkristo wa Ndanda atakusomea Mhubiri 12:7, mavumbi kurudi ardhini na roho kumrudia Mungu aliyeitoa. Nasoma aya ile kila nikivaa kofia ya chumba cha upasuaji. Naamini baba yako yupo. Siliamini kwa sababu ya mwanga wa ketamini wala siku ya ming'oko, na wala sitaliacha kwa sababu ya wagonjwa wa Michigan. Ni imani, imesimama kwa miguu yake, na sitaki kuikopesha koti langu jeupe.

Ninachokijua kwa koti jeupe ni cha miaka mitatu ile. Alikuwa kitandani pale, Tandahimba, kwenye chumba chake. Alikuwa hapo mkimlisha na mkimgeuza.

Mama yenu. Mpelekeni hospitali mapema, msiseme ni uzee. Apimwe sukari, presha, damu, maambukizi ya mkojo, tezi ya shingo, na achunguzwe masikio, maana wazee wengi wanaodaiwa kusahau hawakusikia tangu mwanzo. Msiba nao husahaulisha: mjane wa miezi michache asiyelala usiku anaweza kuonekana amechanganyikiwa na asiwe na ugonjwa huu kabisa. Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Tafuteni malaria na maambukizi kabla ya lingine lolote. Mkiingia chumbani kwake tajeni jina, "Mama, ni mimi fulani, mwanao wa tatu," msimtegee mtihani wa "unanijua mimi?" Akikuita kwa jina la mwingine, itika. Mambo ya mashamba kazungumzeni naye sasa, akiwa anaweza kusema anataka nini, na ya kwenu peke yenu yafanyieni barazani.

Msalimie sana. Mwambie anasalimiwa na daktari mmoja wa Mtwara mjini. Akiuliza tena baada ya dakika tano ni nani aliyemsalimia, mwambie tena.